Mtu wa Kupimia Mwamba

Picha ilikuwa ya zamani kweli, ya enzi zile wapima madini walipobebewa kamera kubwa kichwani hadi huku Buleusa. Mwamba uliijaza karibu yote. Chini yake alisimama mtu mmoja, mdogo, amegeuza mgongo.

"Huyu njo kipimo," alieleza Grégoire, mwanajiolojia aliyetoka Goma kuipiga picha ileile upya. "Walimusimamisha pale ili ukubwa wa mwamba ujulikane. Jina hawakuandika."

Ati ndiye kipimo! Jamani, mtu mzima! Mama Pétronille, bibi wa kijijini aliyekuwa akiitazama picha, alichemka. Baba yake, Albert, aliondoka na msafara ule kubeba mizigo, Pétronille angali tumboni, wala hakurudi. Hivyo ndivyo mama yake alivyosimulia. Kijijini walinong'ona vingine: Albert hakubeba mzigo wowote, alimtoroka mkewe tu. Pétronille alikuwa amezeeka na mnong'ono huo.

"Iko papa yangu," alisema.

"Eh, dada, acha!" alidakia jirani yake Zéphyrin. "Ule iko wa kwetu. Papa yangu pia alibeba. Ona mugongo!"

Mgongo, eti! Lakini watu wa ukoo wa Zéphyrin ni warefu, huinama kila mlangoni. Albert alikuwa mfupi hadi akataniwa. Mama yake Pétronille alikuwa akicheka akisema, "Mimi na wewe tuko sawa urefu. Papa yako alinifikia hapa," huku akigusa bega lake mwenyewe.

Pétronille aliikodolea macho picha. Kichwa cha yule mtu kiliishia kwenye ufa uliokata mwamba. Alitaka kujua, na aliogopa kujua.

"Twende kule," alisema.

Walipanda. Ufa ulikuwepo vilevile, na chini yake jiwe tupu la kukanyaga, lilelile la pichani. Pétronille, ambaye uzee haujamkunja bado, alisimama pale pale, akageuza mgongo.

"Zéphyrin, sema. Ufa iko wapi?"

Zéphyrin alisogea karibu, akapima kwa jicho. "Kwa bega, dada," alisema. "Iko kwa bega yako."

Pétronille alipapasa ufa kwa kiganja. "Kumbe ulikuwa mufupi kweli, Papa!" Alicheka, machozi yakimtoka.

Grégoire alipiga picha, kisha akauliza aandike jina gani chini yake.

"Ya Albert," alisema Pétronille. "Mimi njo kipimo."