Benchi la Waangalizi

Kila asubuhi mama wa chai alipopiga deki kwenye ukumbi wa ofisi ya mgodi, aliwaomba waangalizi wainue miguu, nao wakainua. Walikuwa wamekaa kwenye benchi refu la mbao tangu siku Fundi alipowasha ile programu. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Aliyelalamika ni mhasibu peke yake, kwa sababu benchi lilikuwa la wageni wake, na sasa wageni wake walisimama wima kama walioshtakiwa.

Fundi alikuwa dada wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na programu zote za mgodi zilikuwa za mkono wake. Ili mgodi uangaliwe mchana na usiku, alitumia maktaba moja ya lugha ya kompyuta iitwayo C, yaani furushi la programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambayo kazi yake ni nyepesi kueleza. Unaunda mwangalizi, unampa kitu kimoja cha kutazama, unamwachia maagizo ya kutekelezwa kitu hicho kikibadilika. Basi. Alipounda mwangalizi wa gesi, bwana mmoja mwembamba aliketi akaukodolea ukuta macho. Alipounda wa feni za kupeleka hewa shimoni, akaketi mama mnene mwenye kikohozi. Wa lifti walikuwa wawili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda, na hawakupendana.

Mbele yao alipita mzee mmoja, naye ndiye aliyekuwa mzunguko wenyewe wa programu, ule unaowapitia waangalizi wote kwa zamu bila kukoma. Alitoka mwisho huu wa benchi hadi ule, akarudi, akimuuliza kila mmoja, "Kuna jambo?" Asiye na jambo alitikisa kichwa. Mwenye jambo alisimama na kumpa maagizo yake, mzee akayatimiza, kisha akaenda kwa aliyefuata. Hakushika mawili kwa pamoja, wala hakuwahi kuacha jambo nusu. Kwa hiyo maagizo yalitakiwa yawe mafupi. Ya gesi yalikuwa mafupi kuliko yote: piga king'ora. Na king'ora hakikupigwa na mtu mwingine ila mzee.

Mdogo wake Fundi, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa akichimba huko chini. Kazi hiyo alitafutiwa na Fundi mwenyewe, na mama yao aliwasifu wote wawili kwa majirani hadi majirani wakachoka.

Gesi ilipopanda kidogo, king'ora kililia na wachimbaji wote wakatoka. Mara nyingine ilishuka yenyewe kabla hawajafika juu, nao wakakaa kivulini wakipiga soga. Meneja hakuzipenda soga hizo.

"Kuanzia leo, kabla ya king'ora mzee aje kwangu kwanza," alimwambia Fundi. "Nikisema piga, apige."

"Na kama una shughuli, bosi?"

"Angoje."

"Akingoja mlangoni kwako, wengine wote hawana wa kuwauliza. Mzee ni mmoja tu."

"Hata mimi ni mmoja, dada yangu, na mgodi unakwenda. Andika nilivyosema."

Mwenye nguvu mpishe. Fundi aliandika. Ulikuwa mstari mmoja, na uliingia mahali pake bila shida yoyote. Jioni alimwambia mdogo wake, "Ukisikia kichwa kizito huko chini, usingoje king'ora. Toka."

"Nikitoka bila king'ora nafukuzwa," alijibu kijana. "Halafu kwani king'ora si chako? Ningeogopa kama kingekuwa cha mtu baki." Akacheka, akaomba aongezewe chai.

Siku gesi ilipopanda kweli, meneja alikuwa na wageni waliokuja kununua madini, na alikuwa ameagiza asisumbuliwe. Bwana mwembamba akasimama. Mzee akapokea maagizo, akaenda mlangoni kwa meneja, akabisha mara moja, akangoja. Kisha mama wa feni akasimama. Wale wa lifti wakasimama kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwishowe benchi zima lilikuwa limesimama, kila mmoja na lake, wakiutazama mgongo wa mzee.

Fundi alitoka chumbani kwake, akaona.

"Kapige!" alimwambia bwana wa gesi.

"Mimi natazama tu," alijibu yule bwana, kwa upole.

Akamvuta mzee mkono. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme. Akaupiga mlango kwa ngumi, na meneja akachungulia. "Dada, nina wageni," akasema, akafunga. Alipofungua tena alikuwa bado anacheka mzaha wa mgeni mmoja. Akamwona mzee. "Ehee, piga."

Mzee akapiga. Kisha akarudi kwenye benchi akaendelea na aliyefuata, kwa zamu. Chini hakukuwa na wa kusikia.

Baada ya mazishi, wachimbaji wale wale waliozikwa walikuja wakaketi mwisho wa benchi, mdogo wake Fundi akiwemo, kofia za chuma magotini. Mama wa chai aliwaomba wainue miguu. Mhasibu alisema sasa imezidi, akanunuliwa viti. Mzee alipowafikia aliwauliza kama wengine, "Kuna jambo?"

"Tunangoja king'ora," walijibu.

Mzee alitafakari kidogo. Hilo halikuwa na maagizo, kwa hiyo akapita.

Wakaja wakaguzi. Walisoma programu, wakaona imefanya kile ilichoandikiwa, wala haikukosea hata nukta. Wakamtazama mzee akitembea, wakaafikiana kwamba ni mzito wa mwendo, wakaagiza anunuliwe viatu vya raba. Mgodi ukafunguliwa.

Ule mstari Fundi angeweza kuufuta kwa kidole kimoja. Lakini ili kuufuta ilimpasa azime programu, na ikizimwa, benchi lingebaki tupu. Akiiwasha tena wangerudi walioandikwa: bwana wa gesi, mama wa feni, wale wa lifti. Mdogo wake hakuwa ameandikwa popote.

Mama yao alikuja kila siku. Aliketi kando ya mwanawe, akamweka kola sawa, akampa habari za nyumbani.

"Usinizimie mwanangu," alimwambia Fundi.

"Mama, nisipozima, watakufa watoto wa wenzako."

"Najua. Nimeshamzika mara moja. Mwenzangu naye azike wake."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Fundi alimwonea mama yake huruma, akamchukia, akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa alikwisha kuyawaza maneno yale yale. Akachuchumaa mbele ya mdogo wake. "Nizime?"

Kijana alifikiri. "Si leo, dada. Mama amekuja."

Na mama hakukosa kuja.

Wachimbaji wapya walipita ukumbini kuchukua taa. Mmoja wao, baba wa watu mwenye ndevu za mvi, alisimama mlangoni kwa Fundi, kofia mkononi.

"Samahani, dada. Kukiharibika huko chini, mtatuambia mapema, si ndiyo?"

"Tutawaambia," alisema Fundi.

Yule baba akashukuru, akaingia kwenye lifti.