Ganda la Limau

Mrija ulikuwa mmoja tu, wa chuma, na watu walikuwa wanne. Melania aliuona tangu mlangoni, kiu yote ya kutwa ikamwisha.

Yeye na wifi yake Joyness walikuwa wametoka Zhongda, soko la Wachina, kuchagua vitambaa, miguu ikiwawaka moto, wakaja jengo la Tianxiu kungojea marobota yao ofisini kwa Hiyam, Msyria aliyesafirisha mizigo pamoja na mumewe. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja. Mezani palikuwa na bilauri ndogo yenye majani ya mate, aina ya chai chungu. Hiyam alimimina maji ya moto, mumewe akanywa mpaka mrija ukakoroma, akarudisha. Kwao, Hiyam alieleza, mgeni hukaribishwa hivyo: bilauri moja, mrija mmoja, zamu kwa zamu. Kisha akachukua ganda la limau, akafuta ncha ya mrija tayari kwa anayefuata.

Melania alizijua zamu. Kwao Kibosho kata ya mbege, pombe ya ndizi, nayo huzunguka, na anayerukwa hujua amerukwa. Alipougua kifua kikuu alitengewa kikombe, kikafungwa uzi mwekundu, wala hakulalamika. Maradhi ni maradhi. Alimeza vidonge hadi mwisho, daktari akamwambia amepona kabisa. Uzi haukufunguliwa. Kwenye arusi ya shemeji yake Kasmir, kata ilipomkaribia, Joyness ndiye aliyeidaka, akamletea kikombe chake. Kwa upendo, eti. Tangu hapo Melania alijifunza kuwahi: kabla watu hawajaanza kutazamana, yeye huagiza kikombe chake huku anacheka, nao hushusha pumzi.

Leo aliyewahi ni Joyness.

"Huyu wifi yangu mpe kikombe chake pembeni," alimwambia Hiyam. "Tumbo linamsumbua."

Melania alifungua kinywa aseme lile lake la siku zote, likakataa kutoka. Alikuwa amechoka, na si kwa ajili ya Zhongda.

"Si tumbo, dada," alimwambia Hiyam. "Niliugua kifua kikuu. Nikatibiwa, nikapona. Zamani hiyo."

Joyness akainamia simu yake. Mume wa Hiyam akamtazama mkewe.

"Umepona?" Hiyam aliuliza.

"Nimepona."

Hiyam akaongeza maji, akampa bilauri. Mrija hakuurudia kuufuta.

Mate ilikuwa chungu kweli. Melania aliinywa polepole, machozi yakimlengalenga, asijali nani anayaona. Mrija ulipokoroma, akarudisha bilauri kwa mwenyewe. Ganda la limau likapita mara moja, kama lilivyopita baada ya mume, maji yakamiminwa, na zamu ikawa ya Joyness.

Joyness aliipokea bilauri, akabaki ameishika. Huko chini, honi za barabara ya Huanshi zilikuwa hazipumziki.

"Ni chungu sana, wifi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Melania alimfahamu. Alikuwa anaomba kuokolewa, na siku nyingine yoyote angeokolewa: angeambiwa acha tu, hutaipenda, wakacheka na mambo yakaisha. Aliviona vidole vya wifi yake vikihangaika kwenye bilauri, akamhurumia kutoka moyoni.

"Onja," alisema, akamngoja.