Thibitisha Kuwa Bado Upo

Kila asubuhi nikitoka misa ya kwanza, kabla hata sijavua viatu, nilikuwa nafungua tovuti ya binti yangu Dorine. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko, karibu na migomba, maana kwetu Mjimwema hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri.

Ilikuwa tovuti ya mapishi. Dorine alirekodi sauti yake akieleza jinsi ya kupika vyakula vya kwetu: kisamvu, kumbikumbi, maharage ya kuponda. Ukurasa nilioupenda ulikuwa wa uyoga wa karanga, kwa sababu aliurekodia jikoni kwangu. Ukibonyeza unasikia sufuria inachemka, Dorine anaeleza taratibu, halafu katikati anasema, "Mama, toa mkono, utaungua," na anacheka. Nilikuwa nataka kuonja mchuzi.

Dorine alifariki mwaka juzi. Wakati wa uhai wake nilikuwa na kitochi, simu ndogo isiyohifadhi sauti, kwa hiyo sikuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Siku ya kuanua tanga, shemeji yangu Fransisko ndiye aliyesimamia kugawa vitu. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa kwanza, zikakauka juani, ndipo zinagawiwa. Vitenge vyake vilifuliwa, shuka zikafuliwa. Ilipofika zamu ya simu yake, Fransisko akampa kijana mmoja wa ukoo na kumwambia, "Na hii nayo isafishwe." Kijana akafuta kila kitu. Laini ya Dorine, Fransisko aliikata kwa mkasi mbele yetu.

"Namba ya marehemu isije ikampigia mtu ikamshtua moyo," alisema. Kisha akanipa ile simu mimi kwa mikono yake miwili. "Mama Dorine, hii ni ya kwako." Aliifanya kazi hiyo kwa huruma, na sote tuliona ni sawa.

Nilitia laini yangu. Jirani yangu Kunegunda akanitafutia tovuti ya Dorine, akaiweka mbele kabisa kwenye kioo cha simu ili nisihangaike. Tangu hapo nilikuwa naifungua kila siku.

Mwezi wa sita, asubuhi moja yenye baridi, haikufunguka. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikaleta ukurasa mweupe. Nikazima simu, nikawasha. Nikabonyeza alama ya ndege na kuitoa, kama Kunegunda alivyonifundisha. Nikaenda kumwita.

"Bando limeisha," alisema.

"Nimeweka jana."

"Basi mtandao wenyewe. Baridi hii, hata minara inajikunyata." Alijaribu kwa simu yake. Yake ilifungua habari za mpira, ikafungua nyimbo za kwaya, ya Dorine ikakataa. Kunegunda akaacha utani. Akanishika bega, akasema, "Twende Majengo kwa Zena."

Zena ni fundi simu, mwanamke wa Tunduru aliyeolewa hapa mjini. Kibanda chake ni kidogo, lakini alinipa kiti chake mwenyewe, yeye akasimama.

"Shikamoo Bibi. Simu imefanya nini?"

"Marahaba. Simu ni nzima. Ni sauti ya mwanangu haitoki."

Hakucheka. Alitazama kama saa na tarehe ziko sawa. Akafuta takataka za mtandao zilizojaa ndani ya simu. Akajaribu kwa laini yake, kisha akafungua kompyuta yake na kuandika jina la tovuti, herufi moja moja. Ikaja sentensi fupi ya Kiingereza. Aliisoma kimya.

"Bibi, simu yako haina kosa. Tovuti ndiyo imefungwa, huko huko ilikokuwa." Akachuchumaa ili tutazamane. "Tovuti hizi za bure, mwenyewe asipoingia muda mrefu, wanamtumia ujumbe. Wanamwambia athibitishe kuwa bado yupo. Asipojibu, wanafunga."

Kunegunda alitazama pembeni.

"Lakini pengine hawajafuta," Zena alisema haraka. "Tukiingia kwa jina lake tunaweza kuwahi. Wanataka kutuma namba za siri kwenye laini yake. Iko wapi?"

Nikamweleza habari ya mkasi. Alifikiri kidogo. "Laini ikikaa bila kutumika, kampuni humpa namba mtu mwingine. Tumpigie huyo mtu. Namba unayo?"

Ninayo. Ipo kwenye laini yangu tangu enzi za kitochi, imeandikwa Dorine. Sikuwahi kuifuta, na tangu tulipomzika sikuwahi kuipiga. Nilimpa Zena simu abonyeze yeye. Ikaita. Akapokea mwanamume, anakohoa.

"Asalaam aleikum. Samahani, niko shambani napulizia mikorosho dawa, salfa imeniingia kooni. Nani mwenzangu?"

"Waaleikum salaam. Naitwa Zena, niko Songea. Kaka uko wapi?"

"Nakapanya, huku Tunduru. Naitwa Abasi."

"Kumbe wa nyumbani." Zena akamweleza yote, pamoja na kicheko cha jikoni.

"Jumbe hizo zilikuja," Abasi alisema. "Za Kizungu, nyingi. Nilidhani ni wale watu wa mikopo ya simu, nikawa nafuta. Dada, Bibi yupo hapo ananisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Shikamoo Bibi. Nisamehe. Laiti ningejua."

"Marahaba. Ungejuaje? Hukukosa kitu."

Zena akaomba namba za siri. Abasi alizima mashine yake ya salfa ili tusikilizane, akatusomea polepole, akarudia mara ya pili bila kuombwa. Zena akaandika. Kompyuta ikafikiri, na jina la Dorine likatokea juu kabisa, kwa maandishi yale yale ya kijani aliyoyachagua. Kunegunda akanibana mkono. Nikamwambia Zena, "Bonyeza uyoga."

Zena alishuka chini ya ukurasa, akapanda tena. Alifungua huku na huku kwa muda mrefu. Kisha hakunigeuzia kompyuta. Alienda kwanza kushusha pazia la kibanda, ili wapita njia wasinione, ndipo akasema, "Bibi, jina limebaki. Vilivyokuwa ndani vimefutwa wiki iliyopita."

"Sauti pia?"

"Na sauti pia, Bibi."

Nililia pale pale, mkono wa Kunegunda mgongoni mwangu. Abasi alikuwa bado hewani. Hakukata simu.

Tulipokuwa tunaondoka Zena aliniuliza, "Namba hii nikuandikie Abasi wa Nakapanya? Isije siku ikakushtua."

Nikamwambia aiache ilivyo.

Zikapita siku kadhaa. Asubuhi nikitoka misa nilikuwa nakaa kwenye kigoda, nimeshika simu, sina cha kufungua. Siku hiyo nilikuwa na bakuli la maharage mapajani nachambua, simu ikaita. Nikatazama kioo. Kimeandikwa Dorine.

Bakuli likaniponyoka, maharage yakamwagika chini. Nilijua ni nani anayepiga. Nilijua kabisa. Lakini niliacha iite, iite, macho yangu kwenye lile jina, mpaka nikaona itakatika, ndipo nikapokea.

"Abasi, mwanangu," nikasema, "nakuomba usiongee kwanza."

Akanyamaza. Nikasikia upepo kwenye mikorosho, na mtu anavuta pumzi taratibu. Nikaikandamiza simu sikioni. Hakuongea, wala hakuniuliza hadi lini.