Beti Moja Kila Jumamosi

Fundi Niyongabo wa mtaa wa Rwezamenyo alibeti mara moja tu kwa wiki, Jumamosi saa nane mchana, mechi moja ya kriketi, basi. Alimaliza kupinda suruali iliyokuwa mkononi, akafunika cherehani, akavuka barabara na futi yake shingoni. Kriketi aliijua kwa wateja. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizishonea timu mbili za kriketi za uwanja wa Gahanga suruali nyeupe, na mtu anayepimwa kiuno hana la kufanya ila kuongea, kwa hiyo fundi alijua nani anarusha mpira wa kupinda, nani anatetemeka ova za mwisho, zile zamu za mipira sita, na uwanja gani unalowa umande jioni. Hakubeti kwa jazba. Akipoteza hakurudia siku hiyohiyo ili kufidia, akishinda hakuongeza. Mtaa mzima ulimsifu. Wanawake wenye waume wa kubeti kila siku walimwambia mkewe, Mukunde, kwamba yeye kapata mwanamume.

Duka lile la kubeti lilikuwa na madirisha mawili. La kushoto lilipokea pesa. La kulia lilipokea vitu vingine, vile ambavyo mtu mwenyewe kaona anaweza kuishi bila hivyo. Niyongabo hakuwahi kusimama la kushoto hata siku moja. Pesa ni ya chakula na ada ya Shami, binti yao, alisema, na mtu mwenye akili hachezei chakula cha mtoto wake. Mukunde alimwambia kamari ni kamari, haramu haichagui dirisha. Mumewe akamjibu kwamba haramu ni kula jasho la mtu, yeye anaweka vyake.

Mwanzoni aliweka vitu vidogo. Aliweka harufu ya mafuta ya taa, akaipoteza, wala haikumsumbua, nyumbani wanapikia gesi. Aliweka mluzi wake. Aliweka jina la mwalimu wake wa darasa la tatu. Maumivu ya goti wakati wa mvua aliyapeleka mara mbili, na mara zote mbili yalikataliwa, maana hakuna ambaye angetaka kuyashinda. Alishinda pia, na mshindi alipewa kilichopotezwa na mwingine. Siku moja alirudi na kicheko cha mtu wa Kimisagara, kikubwa kuliko kifua chake. Siku nyingine alirudi anajua kuendesha baiskeli. Mukunde alikizoea kile kicheko, ingawa wiki ya kwanza kilikuwa kinamshtua akiwa anaosha vyombo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Niyongabo alishinda, akarudi na mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, sare ya shule, begi mgongoni. Alisalimia vizuri, akasema anaitwa Kaze. Kisha akaenda moja kwa moja kabatini, akachukua kikombe cha kijani, akakaa mkekani kusubiri chai.

“Wa nani huyu?” Mukunde aliuliza.

“Wetu. Nimemshinda. Wiketi mbili zimeanguka ova ya mwisho, Mama Shami, huwezi kuamini!”

Mukunde aliamini, na ndiyo maana akakaa juu ya ndoo. Ikiwa huyu anaweza kushinda mtoto kwenye beti, basi kuna mwingine aliyemweka akampoteza. Shami alikuwa pembeni anapiga pasi, miaka kumi na minne, akiimba wimbo wa redio ambao nusu ya maneno yake hayajui. Mukunde alimtazama. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu amzae.

Jumatatu alimchukua Kaze kumrudisha kwao, Kibagabaga. Mtoto ndiye aliyeongoza njia, wakaipita hospitali, wakasimama kwenye geti la bluu. Aliyefungua alikuwa mwanamke mwenye unga mikononi.

“Mama,” Kaze alisema.

Mwanamke akatabasamu vile watu wanavyowatabasamia watoto wa wenzao. “Ehe, karibuni. Mmepotea njia?”

Nyuma yake, barazani, mumewe Rutayisire alikuwa anasoma gazeti. Alikuwa mtu mtulivu, shati limepigwa pasi, hana dalili yoyote ya ulevi. Ukutani palikuwa na picha ya familia ambamo mume na mke wamesimama kila mmoja upande wake, katikati yao pengo la kimo cha mtoto, na mkono wa mama umening'inia hewani umeshika kitu ambacho hakipo. Mukunde aliiona picha ile, akajua kwamba mama huyu hamkumbuki mwanawe tena. Akasema ndiyo, wamepotea njia. Mwanamke akampa Kaze ndizi ya safari. Kaze akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alilia kidogo walipofika Remera, kisha akaila.

Jioni hiyo Mukunde alivuka barabara. Kwenye dirisha la kulia alikuwepo Keith, kijana aliyekulia Kampala, mwenye adabu zake, mbele yake mashine ya kupokelea vitu. Juu ya kichwa chake palibandikwa tangazo: Cheza kwa nidhamu.

“Mama Shami, hapa hakuna kulazimisha mtu,” Keith alisema. “Mtu anasaini kwamba kitu ni yake na anaweza kuishi bila hiyo. Fundi hajasaini uongo hata siku moja. Tungekuwa na watu kumi kama yeye, sha, hii kazi ingekuwa raha.”

“Na mtoto wangu?”

“Kama baba yake anamuhitaji, mashine inakataa. Si mimi, ni mashine.”

“Na wa Kibagabaga? Huyo hakuhitajiwa?”

Keith alitazama kwenye kioo cha mashine, akatazama tena. “Ilikubali,” alisema.

Mukunde alimwapisha mumewe. Niyongabo aliapa wallahi hatamweka Shami, akaapa bila kusita, tena akachukizwa kidogo kuulizwa. Lakini Mukunde hakupata usingizi wa maana. Alijiambia hata yule Rutayisire angeapa ukimwuliza mwaka juzi. Kiapo ni maneno ya mtu. Mashine inaangalia kitu kimoja tu, nani anahitajiwa. Basi na yeye akashika hilohilo.

Alianza na matundu ya vifungo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akimshonea mumewe matundu kwa mkono, kwa kuwa macho ya fundi hayakuona karibu. Sasa akamfundisha Shami, kila siku akitoka shule, hadi vidole vya mtoto vikaota sugu. Akamfundisha chai ya baba yake, tangawizi nyingi, sukari mwishoni. Akamfundisha wateja gani wanadanganya kiuno, na namna ya kuongea na baba kitambaa kikikatwa vibaya. Na yeye mwenyewe akajitoa. Niyongabo akiita “Mukunde!”, Mukunde alinyamaza kule uani, ameshika ufagio, mpaka aite “Shami!” Kila alipoita Shami, hofu ililegea kidogo. Kufikia mwezi wa tano jina la kwanza kutoka kinywani mwa fundi asubuhi lilikuwa la binti yake. Mukunde alifurahi sana, akaenda kulia bafuni ili asionekane.

Hata hivyo Jumamosi zilimtesa. Saa nane mume akivuka, yeye alisimama mlangoni na roho mkononi. Akirudi, Mukunde alimwita Shami, na Shami akiitika ndipo alipopumua. Mwezi huohuo duka lilitundika picha ya Niyongabo chini ya lile tangazo, awe mfano kwa vijana. Majirani walikuja kumpongeza, na Mukunde akawapikia mandazi.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, Niyongabo alifunika cherehani, kisha hakuondoka. Alimtazama Shami, sindano mkononi, anafunga tundu la mwisho. Akamtazama Kaze anayeokota nyuzi sakafuni. Akaitazama chai, imewekwa palepale anapoitaka. Halafu akamtazama mkewe, juu hadi chini, taratibu, jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi.

“Leo unaweka nini?” Mukunde aliuliza. Hakuwahi kumwuliza.

“Kitu changu.” Sauti yake ilikuwa ya upole. “Usiogope. Shami simgusi, niliapa.”

Mukunde akaelewa kwamba kitu chenyewe ni yeye. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuimwaga ile chai, kumnyang'anya Shami sindano, kushika kila kitu kwa mikono yake mwenyewe mpaka mwanamume huyu asiweze kufunga hata kifungo bila yeye. Bado muda ulikuwepo, mashine ingekataa. Lakini kila kazi ambayo angeirudisha kwake ilibidi aitoe mikononi mwa Shami, na nyingine ya kumpa mtoto hakuwa nayo. Akaiacha chai palepale ilipo.

“Chagua timu vizuri, Baba Shami,” alisema.

“Nimechagua. Wanatafuta mbio sitini tu washinde.”

Hawakuzipata. Saa kumi na nusu kelele zilitoka kwenye televisheni ya dukani, na Mukunde akajikuta anaijua njia ya nyumba moja huko Kicukiro ambako hajawahi kufika. Alimwekea Shami mkono kichwani. Shami akainua macho, akatabasamu kwa heshima.

“Karibu,” alisema. “Unataka kushonesha?”

Aliyemshinda alikuwa bibi mmoja anayeitwa Mukandekezi, mwalimu mstaafu, nyumba yake haiko mbali na soko. Alikuwa anamsubiri mlangoni.

“Bon, umefika. Ingia, pumzika. Mimi nabeti mara moja tu kwa mwezi, sipendi tamaa.”

Hakuwa mtu mbaya. Alitaka mwenzake wa kuzungumza naye, akampa chumba chenye dirisha. Mukunde alijua sukari inawekwa wapi kabla hajaonyeshwa. Majirani walimsalimia kesho yake kama jirani wa siku zote. Wao walikuwa sawa. Yeye ndiye aliyekumbuka kila kitu, na kila alipoamka aliogopa upya, kwa kuwa sasa hakuwepo mlangoni Jumamosi kumwita Shami.

Alivumilia wiki tatu. Ya nne alinunua mita tatu za kitambaa, akapanda pikipiki hadi Rwezamenyo.

Shami alikuwepo, amerefuka kidogo. Mukunde aliegemea ukuta, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, machozi yakimlenga. Niyongabo alimpima mabega na mikono, akamwuliza kama anapenda gauni liwe na mikono mirefu, akaandika namba. Alimpima vizuri, kama mteja yeyote.

Ndipo alipoiona benchi. Kaze alikuwa ameketi karibu na Shami, ulimi nje, sindano mkononi, na Shami amemshika vidole anamwongoza kwenye tundu la kifungo.

“Anajifunza?” Mukunde aliuliza.

“Yego, ananisaidia,” Shami alijibu. “ Kazi zimekuwa nyingi, na mimi nina mitihani. Hata chai ya baba sasa anapika yeye, tena ananishinda.”

“Usimfundishe.” Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Tafadhali, mwanangu. Usimfundishe.”

Shami akacheka kwa adabu, kicheko cha kumchekea mteja. “Kwa nini? Ana mkono mzuri, tazama.”

Mukunde akatazama. Tundu lilikuwa limenyooka, mishono imebanana, halina kasoro.

“Kaze!” fundi aliita bila kugeuka, kinywa kimejaa pini. “Lete chaki.”

Kaze akainuka mbio kumpelekea, na Shami akajinyoosha mgongo, akafurahi kupumzika kidogo.