Mmoja Kati ya Wawili

Amito alikuwa akimenya matoke mlangoni pake, katika kambi ya polisi kule Mengo, binti yake akilalamikia hesabu.

"Mbili mara sita, tatu mara nne. Mwalimu amenikosesha zote!"

"Ameuliza vigawo vya hasi kumi na mbili, Aol, na hiyo hasi umeitupa wapi? Katika kila jozi, namba moja lazima iwe hasi."

"Zote mbili je?"

"Hapo jibu linakuwa chanya. Ni moja tu."

"Ipi sasa, Mama?"

"Yoyote."

Kisu kikamsimama mkononi. Tangu askari waanze kuviziwa mjini, walikuwa wakitumwa wawili wawili, na kila waliposhambuliwa alirudi mmoja, akimletea mke wa mwenzake kofia ya marehemu. Asubuhi mumewe, Okwera, alikuwa ametoka na jirani yao Obita kwenda doria soko la Kikuubo.

Mtu akaingia getini peke yake, kofia moja kichwani, nyingine mkononi. Jua la jioni lilikuwa mgongoni kwake, uso hauonekani.

"Ee Mungu, awe Okwera," Amito akanong'ona.

Akageuka. Mlango wa pili, mke wa Obita alikuwa amesimama akimtazama, midomo yake nayo ikichezacheza.