Kioo Kizima

Siku Bosi alipoamua kumstaafisha shemeji yake, sababu aliyoitoa ilikuwa moja tu: macho. Hakutaja umri wala uchovu. "Shemeji, macho yako yamechoka," alisema, huku akimmiminia chai kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba. "Nenda nyumbani ukayapumzishe."

Shemeji mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Herufi, alikuwa msanifu wa duka hilo la uchapaji tangu lilipokuwa na mashine moja na benchi la wateja. Kadi za harusi, mabango, maandishi ya fulana, vibandiko vya chupa za asali, vyote vilipita mikononi mwake. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Ilianza na mstari mmoja mweusi, mwembamba, upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini, kama uzi aliousahau fundi cherehani. Mzee Herufi alifanya yote ambayo binadamu hufanya. Alizima akawasha. Alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Alikipiga kioo kofi la ubavuni, kwanza la kubembeleza, kisha la kweli. Mstari ulitulia palepale, na baadaye ukaita wenzake, hadi upande wote wa kushoto ukawa na mkanda mweusi wa upana wa vidole viwili. Rangi nazo zikavurugika. Nyekundu iligeuka ya udongo, na maharusi walionekana kama watu waliotoka kulima. Fundi aliitwa, akakitazama kioo mbele na nyuma, akasema kimekufa ubavu mmoja, hakitengenezeki, kinabadilishwa.

"Kioo kizima hicho," Bosi alisema. "Si kinawaka?"

Kilikuwa kinawaka kweli. Bosi alikuwa mkono wa birika, na kwa mtu wa namna hiyo, kitu kikiwaka ni kipya.

Basi Mzee Herufi akajifunza kuishi nacho. Programu ile ilikuwa na tabia yake: herufi ikitoka nje ya ukingo wa ukurasa, haichapwi. Na ukingo wa kushoto ndio uliokuwa umejificha nyuma ya mkanda mweusi. Kwa hiyo kabla ya kuchapa aliiburuta kazi yote kuelekea kulia, akakagua ubavu wake, kisha akairudisha mahali pake. Aliburuta kila kazi, isipokuwa siku moja wateja walipojaa hadi mlangoni na Bosi akasimama nyuma yake akipiga makofi na kusema haraka, haraka. Siku hiyo saluni ya jirani iliyokuwa ikikarabatiwa ilipelekewa bango lililopaswa kusema POLE KWA WATEJA WETU. P ilibaki nje ya ukingo. Wanawake waliofika kusuka wakakuta OLE KWA WATEJA WETU, na chini yake, TUNARUDI HIVI KARIBUNI. Hakuna aliyesubiri.

"Macho," Bosi alisema.

"Kioo," Mzee Herufi alisema.

"Shemeji, kioo hakijui kusoma. Kitakoseaje?"

Maneno ya Bosi hayakumuuma sana, alishayazoea. Kilichomuuma ni kwamba Bosi alikuwa mdogo wake mkewe, na habari za dukani zilifika nyumbani kabla yake. Mkewe alizipokea zote bila kuuliza. Alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari akamsomesha herufi za ukutani hadi mstari wa chini kabisa, akasema macho haya ni mazima. Mkewe hakuridhika. "Herufi ndiyo kazi yake," alimwambia daktari. "Hizo anazijua kwa moyo." Akamnunulia miwani, na kwa kuwa hakumwamini angeitunza, akawa anaibeba mwenyewe mkobani.

Tangu hapo Mzee Herufi aliishi kama kipofu mwenye macho. Kikombe chake kilisogezwa katikati ya meza asije akakigonga. Samaki aliletewa akiwa ameshachambuliwa miiba. Na kwenye barabara kubwa, pale pasipo na taa, mkewe alimshika mkono mchana kweupe mbele za watu, akamvusha.

"Naona mimi," alisema kila safari.

"Najua, baba," mkewe alijibu, bila kumwachia.

Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona uchungu. Kazi ingeweza kwenda, si kitu. Lakini mwanamke aliyemjua kuliko watu wote alikuwa ameamini maneno ya mwingine juu ya macho yake, na yeye alitaka kitu kimoja tu kabla hajazeeka vizuri: mkewe ajue kwamba anaona.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika alasiri, humohumo dukani. Meza ya kupokelea kazi ilifunikwa kitambaa, ikawekwa soda, keki na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Bango la kumuaga lilikuwa kazi ya kwanza ya binti wa Bosi, ambaye ndiye aliyerithi kiti, kipanya na kioo. Mzee Herufi alikuwa amejaribu kumweleza mambo ya kuburuta, lakini Bosi akamkatiza. "Usimtie mtoto wasiwasi wako, shemeji. Huyu macho yake ni ya juzi tu."

Bango lilitundikwa ukuta wa mwisho, juu ya mashine ya kukatia karatasi. Mzee Herufi alikanyaga kizingiti, mkewe amemshika kiwiko, akaliona. Kulikuwa na picha yake, na chini ya picha herufi nene za bluu kutoka ukingo hadi ukingo:

TUTAKUSAHAU

Moyo ulimpasuka. Alijua watu husahau, lakini hakuwahi kuona wakitangaza. Alilisoma tena, ndipo akaona jinsi ile T ya kwanza ilivyobanana na ukingo, akaelewa. HA ilikuwa imebaki nje, nyuma ya mkanda mweusi.

Binti alimjia mbio, amevaa gauni jipya. "Mjomba, umelipenda?"

Mzee Herufi alilitazama lile gauni, akautazama na uso uliokuwa juu yake. "Herufi zinasomeka vizuri sana," alisema, na huo haukuwa uongo.

Akaenda kuketi kiti cha mbele, akajikaza kisabuni. Cha ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyeona. Wafanyakazi walipiga picha chini ya bango, wawili wawili, wakitabasamu. Mwenye saluni alikuja, akalisoma, akasema maneno hayo yamemgusa. Kila mtu alikuwa amekuja kusoma HATUTAKUSAHAU, na kila mtu akaisoma.

Bosi akasimama kuhutubia. Alimpaka shemeji yake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema huyu bwana alikuwa jicho la duka, na jicho nalo huchoka. Kwamba makosa yalikuwepo, ndiyo, lakini tumeyasamehe, na ya saluni pia tumeyasamehe. Mwenye saluni hakuonekana kuhusika na msamaha huo. Kisha Bosi akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka. "Na wenye macho wasome! Hatutakusahau!"

Wenye macho wakapiga makofi.

Mkewe Mzee Herufi alimwinamia sikioni. "Wamekuandikia maneno mazuri, baba. Ngoja nikusomee." Akaanza, polepole, kama anavyosomewa mgonjwa. "Tu... ta... ku..." Akarudi mwanzo, midomo ikicheza bila sauti.

"HA imebaki nje," Mzee Herufi alimnong'oneza. "Mwache mtoto. Ni kile kioo."

"Umeiona kutoka hapa?"

"Tangu mlangoni."

Mkewe aligeuka akautazama mlango. Akalitazama bango. Kisha akautazama mkoba wake uliokuwa mapajani, umefungwa zipu, na miwani ndani yake. Alipoinuka, waliokuwa wakila keki waliacha kutafuna.

"Mdogo wangu," alimwambia Bosi, "hebu geuka usome tena. Taratibu."

Bosi akageuka. "Ha-tu-ta..."

"HA iko wapi? Nioneshe kwa kidole."

Kidole cha Bosi kilipanda ukutani, kikatafuta, kikabaki hewani. Binti yake aliziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yakaanza kumtoka. Hapo Mzee Herufi akashindwa kuketi. "Mtoto hana kosa," alisema. "Njooni muone."

Wakajazana kwenye chumba cha nyuma. Kompyuta ilikuwa bado inawaka na kazi ya bango imefunguliwa. Kushoto palikuwa na mkanda mweusi, na baada ya mkanda, TUTAKUSAHAU.

"Nilidhani HA ipo nyuma ya huo weusi," binti alisema huku akilia. "Shangazi, haki ya Mungu niliiandika."

Mzee Herufi alishika kipanya, akaiburuta kazi kuelekea kulia. HA ikajitokeza, nene na nzima, imekaa nje ya ukurasa kama mgeni aliyefungiwa mlango.

"Mtoto hajazoea tu," Bosi alisema. "Kioo kizima."

Dada yake alirudi mezani, akachukua ile zawadi yenye karatasi ya kung'aa, akaja nayo kwenye kompyuta, akaichana mbele ya kila mtu. Ndani mlikuwa na lenzi ya kukuzia maandishi, kubwa, ya mpini. Bosi alikuwa ameichagua mwenyewe. Dada akamshikisha mkononi.

"Chungulia."

"Dada, watu wana..."

"Chungulia."

Bosi akainama, akaisogeza lenzi hadi kwenye ule mkanda. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unaona nini?"

"Weusi."

"Wa macho ya shemeji yako?"

"Wa kioo."

"Sema wasikie."

"Kioo kibovu," Bosi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeng'olewa jino. Mwenye saluni aliomba arudie, maana alikuwa amesimama nyuma sana. Bosi akarudia. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, akasema Jumatatu kutakuwa na kioo kingine, na kama shemeji angependa kuja kumfundisha binti kazi, mlango uko wazi. Mzee Herufi alijibu kwamba atakwenda kulifikiria, ingawa alishamaliza kulifikiria. Bango alilikunja akalitia kwapani. Lilikuwa lake.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Walipofika barabara kubwa, mkewe alihamishia mkoba upande wa mkono uliozoea kumshika mumewe, akasogea pembeni kidogo, kwa adabu.

"Nimekukosea sana," alisema. "Nisamehe, baba. Vuka, unaona."

Mzee Herufi alisimama ukingoni mwa barabara. Magari yalipita, na aliyaona yote: rangi zake, namba zake, dereva mmoja anayejichokoa pua. Hiki ndicho alichokitaka. Aliitazama njia ya kushoto, akaitazama ya kulia, na mkono wake ulining'inia tu, mtupu, hajui auweke wapi.

"Mbona huvuki?"

"Yale magari," alisema. "Siyaoni vizuri."

Mkewe alimkazia macho. Kisha akaurudisha mkoba bega la upande wa pili na kumshika mkono.

"Twende, kipofu wangu," alisema, na wakavuka.