Kuku wa Mguu Wangu

Wiki ya tano nimelala kama gunia la mahindi, na aliyekuwa ananiudhi kuliko wote pale shambani ni kuku.

Mguu niliuvunja nikishuka kwenye gari la ng'ombe la bwana, yule mzungu mwenye shamba, huku Moiben. Wa kushoto, chini ya goti. Na ndio mguu huu uliompita mpinzani wangu Kipyego kwenye mbio za maili moja mwaka 1950, Eldoret, mbele ya wazungu na wake zao. Mwaka huu mshindi angepelekwa kukimbia Nairobi. Sijawahi kutaka kitu maishani namna hiyo. Mbio zenyewe ni Jumamosi hii.

Mama Nanzala, anayeunga mifupa ya sisi watu wa Kimilili tuliokuja kulima huku, alinifunga vijiti. Halafu akashika kuku wangu mmoja, akamvunja mguu uleule wa kushoto, naye akamfunga vijiti vidogo. "Wangila," akasema, "siku huyu akikanyaga chini, nawe kanyaga. Kabla ya hapo usinijaribu."

Basi kazi yangu ikawa kutazama kuku. Yeye anarukaruka kwa mguu mmoja, mimi namtukana. Kipyego naye anapita barabarani kila asubuhi akifanya mazoezi, makusudi kabisa, ananisalimia kwa adabu, na mimi namjibu kwa adabu huku moyo unachemka. Jumatatu kuku akagusa chini kwa kidole. Jumanne akagusa tena. Nilikaribia kulia kwa furaha, ingawa mke wangu Nangila alisema anajikuna tu.

Jumatano akaja Mzee Elphas, mhubiri wetu wa kule nyumbani, bila kutuma habari. Tukaongea habari za Kimilili, mvua, nani amekufa. Nangila akapotelea jikoni. Sikuwaza lolote mpaka bakuli likawekwa mbele ya mgeni, na mimi nikapewa firigisi, kama mwenye nyumba.

"Nangila, huyu ni kuku gani?"

"Ugonjwa wa kideri uliwamaliza kuku wengine wote. Ulitaka mhubiri ale mboga kwangu, kisha aende akaseme huko nyumbani?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angekuwa kuku wa mguu wa mtu mwingine, ningemchinja mwenyewe.

Mzee Elphas alikuwa anakula mguu wa kushoto. Nikajikaza. "Mzee, samahani. Ukimaliza nyama, huo mfupa nipe mimi."

Alimtazama Nangila kwanza, kisha akanipa. Katikati ulikuwa na nundu, ngumu, mfupa umeshikana. Nikaukunja kidogo, ukakataa. Nikaona Nairobi yote mbele yangu. Nikaukandamiza kwa vidole gumba, kwa nguvu ya mtu anayemalizia mbio, ukakatika palepale kwenye nundu.

Mzee Elphas akauliza kama tuuombee mguu.

"Kula, Mzee. Nyama inapoa."

Niliuinua mguu wangu kwa mikono miwili, nikaurudisha juu ya kigoda. Nilikuwa na hasira na kuku, na mhubiri, na mke wangu, na mfupa wangu mwenyewe unaojiponea polepole kama una mwaka mzima.

"Nangila," nikasema, "kesho Kipyego akipita, msimamishe. Mwambie ile kona ya mwisho kule uwanjani ina mchanga, asiikate kwa ndani, ataanguka. Mwambie wewe. Mimi nikimwona nitamtukana."